Kijiji kilichozama Ziwa Chala: tope linasemaje?

Ukitoka Tanga kwa basi la asubuhi, ukapita Korogwe, Same na Mwanga, jioni uko Himo. Lala hapo. Kesho yake Ziwa Chala unalimaliza kwa siku moja na miguu yako mwenyewe. Toka Holili uelekee kaskazini: majani makavu, migunga, vumbi. Hakuna dalili yoyote ya maji. Halafu ardhi inakatika ghafla mbele yako, na kama mita 100 chini kuna maji, leo ya buluu, kesho ya kijani.

Ziwa liko mashariki mwa Kilimanjaro, mita 880 hivi juu ya usawa wa bahari. Lina ukubwa wa kilomita za mraba 4 na ushee, na kina cha karibu mita 90. Mpaka wa Tanzania na Kenya unapita humo humo majini. Mstari huo unaanzia pwani yetu ya Tanga, karibu na mdomo wa mto Umba, na msingi wake ni makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886. (Ile hadithi kwamba Malkia Victoria alimzawadia mjukuu wake Kilimanjaro ni porojo. Wilhelm II alitawazwa 1888, na mwaka 1886 hakuwa hata mfalme.)

Vitabu vingi vinamtaja Charles New, mmisionari wa Kimethodisti aliyekaa Ribe karibu na Mombasa, kuwa ndiye "aliyeligundua" ziwa mwaka 1871, mwaka uleule alioifikia theluji ya Kilimanjaro. Aligundua nini hasa? Wachaga na Wataveta walikuwa na jina la ziwa, na walikuwa na habari zake pia. Simulizi yenyewe ndiyo hii: zamani palikuwa na kijiji cha Wamasai, ardhi ikapasuka, kijiji na mifugo vikamezwa, maji yakajaa. Usiku ukitega sikio, eti bado unasikia ng'ombe wakilia chini.

Sasa hapo ndipo sayansi inaponoga. Simulizi hii inaweza kupimwa, maana ziwa lenyewe limeweka kumbukumbu.

Kila mwaka, miezi ya baridi na upepo, Juni hadi Septemba hivi, maji ya Chala huchanganyika, na mwani wadogo wenye maganda ya silika, diatomu, huzaliana kwa wingi. Wakifa wanashuka na kufanya utando mweupe. Msimu wa joto na mvua unaacha utando mweusi. Mweupe na mweusi, huo ni mwaka mmoja. Kwenye kina kile hakuna oksijeni, kwa hiyo hakuna mdudu wa kuvuruga tope. Unahesabu miaka kama unavyohesabu pete za mti.

Mwaka 2016 watafiti wa mradi wa DeepCHALLA walitoboa sakafu ya ziwa wakiwa juu ya jukwaa linaloelea, wakatoa zaidi ya mita 200 za tope. Umri wake ni takriban miaka 250,000.

Basi wazee walikosea? Kuhusu lini, ndiyo: mlipuko ulitokea kabla ya Wamasai, kabla ya Wachaga, kabla ya ng'ombe wa kufugwa popote duniani. Kuhusu vipi, wako sawa kabisa: ardhi ilipasuka, na shimo lililobaki likajaa maji. Mtu aliyetazama zile kuta wima na kusema "hapa palilipuka" alikuwa anasoma mwamba, tena bila darasa la jiolojia. Mimi simwiti mshirikina.

Tope hilo lina habari inayotuhusu zaidi kuliko kijiji. Utafiti uliotoka mwaka 2023, uliopima miaka 75,000 ya kumbukumbu hizo, ulionyesha kwamba enzi ya barafu, joto likipanda, mvua nayo iliongezeka. Baadaye, katika miaka 11,000 hivi iliyopita, mambo yakageuka: joto likipanda, ukavu unazidi. Modeli nyingi za tabianchi zinatabiri mvua zaidi kwa Pembe ya Afrika dunia ikipata joto. Mkulima wa mahindi wa Rombo au Mkinga apange msimu wake kwa kusikiliza modeli au tope? Mabishano hayo hayajaisha, na si ya maabara peke yake.

Ukishuka mpaka majini, shuka taratibu, mawe yanateleza. Kima na nyani utawaona kwenye miti ya ukingoni, furukombe utamsikia kabla hujamwona, na kenge hupenda kuota jua mawe ya chini. Usithubutu kuogelea, kuna mamba, na wamewahi kuua. Ukikuta mvuvi, mwombe uangalie perege wake. Oreochromis hunteri, aliyepewa jina hilo la kisayansi mwaka 1889, ni wa Chala tu, duniani hana kwao kwingine, na yumo hatarini kutoweka. Siku hizi anagombania maji na perege wengine walioletwa na watu, akiwemo jamaa wa Oreochromis korogwe. Naam, Korogwe ile ile uliyopita na basi jana.