Kaka na Taa ya Hekalu

Kamati ya hekalu imetuomba tuandike habari za kale za jumuiya yetu hapa Tanga. Tumeona vema kuzieleza kwa kumkumbuka marehemu baba yetu mdogo, ambaye kwa zaidi ya miaka 50 aliwasha taa ya hekalu kila jioni. Sisi tulimwita Kaka, neno ambalo kwa Kigujarati ni ndugu wa baba. Majirani walipotusikia, nao wakamwita Kaka, kwa maana ya Kiswahili. Hakumsahihisha mtu.

Wazee wetu wa Kutch na Kathiawar walivuka bahari tangu zamani kwa majahazi, wakija na kaskazi na kurejea na kusi. Kaka yeye alikuja mwaka 1950 kwa meli ya Karanja kutoka Bombay, akiwa kijana wa miaka 17. Aliteremka Mombasa, akashika njia ya Tanga, akafanya kazi katika duka la jamaa hata alipoweza kufungua lake Ngamiani. Wateja wake wengi walikuwa wafanyakazi wa mashamba ya mkonge, waliochukua unga, khanga na mafuta ya taa, wakalipa mwisho wa mwezi.

Mwezi Aprili 1971 sheria mpya ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na nyumba ya ukoo wetu ikawa miongoni mwake. Mwaka uliofuata Idi Amin aliwafukuza Waasia wa Uganda, na hofu ikazidi. Jamaa wengi wakahamia Uingereza na Kanada. Baba zetu walimsihi Kaka afunge duka waondoke pamoja. Akauliza, "Na taa ataiwasha nani?" Sisi, tuliokuwa watoto, tulimwona mkaidi, na tulimnunia kwa siku nyingi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bidhaa ziliadimika nchini. Sukari na sabuni zilipangiwa foleni, na samli ya taa ikakosekana kabisa. Jioni moja Kaka alikaa barazani, chupa tupu mkononi. Jirani yetu mmoja, mama wa Kiislamu aliyekuwa akipika mafuta ya nazi ya kuuza, akamuuliza kulikoni. Aliposikia, aliingia ndani, akatoka na kibaba cha mafuta, akakataa malipo. Akaleta tena juma lililofuata, na mengine mengi baadaye. Taa haikuzimika.

Kaka aliandika kila kibaba katika daftari lake la madeni. Kila Diwali, tunapoyabariki madaftari mapya ya biashara, alilihamishia deni hilo katika daftari jipya. Tulipomwuliza kwa nini halilipi akalifuta, alijibu kwamba deni hilo alitaka tulirithi.

Alipofariki, vijana wa Ngamiani walipokezana jeneza lake hadi mahali pa kuchomea maiti, wakisema wamefiwa na kaka yao. Siku ile tulikiri kwamba ukaidi tuliomnunia utotoni ndio uliotupatia ndugu hawa.

Diwali iliyopita tulifungua daftari jipya. Katika ukurasa wa kwanza, kabla ya hesabu yoyote yetu, tuliandika: mafuta ya nazi, kwa jirani, bado.

Om Shanti.