Nyama ya Jioni

Wengi hapa Kampala wanadhani dawa ya kuhifadhi nyama ni ujanja wa siku hizi. Historia inasema vingine. Jambo hili ni la zamani, na mara nyingi lilianza hivi: nyama ilitoka mbali, barafu ikakosekana, na muuzaji hakutaka kula hasara.

Kwetu Kivu, ng'ombe akichinjwa kijijini, nyama iliisha haraka. Iliyobaki ilitiwa chumvi, ikaanikwa, ama ikawekwa juu ya moshi. Hakuna aliyedanganywa, maana nyama ya moshi inajulikana kwa rangi na harufu yake. Dawa za viwandani zinafanya kinyume: zinaipa nyama ya zamani sura ya nyama mpya.

Mji mkubwa ndio ulileta hiyo tofauti. Marekani, miaka zaidi ya mia iliyopita, nyama ya Chicago ilisafiri kwa treni mpaka kwa watu ambao hawakumjua mchinjaji. Mwaka 1902 mkemia wa serikali, Harvey Wiley, alikusanya vijana kumi na wawili waliojitolea, akawalisha chakula chenye dawa za kuhifadhi ili aone zinawafanya nini. Miongoni mwake ilikuwemo fomalini, ile ile inayotumika kuhifadhi maiti. Vijana waliugua. Mwaka 1906 Upton Sinclair alitoa kitabu chake juu ya viwanda vya nyama vya Chicago, na tarehe 30 Juni mwaka huo sheria mbili zikatiwa saini: moja ya ukaguzi wa nyama, nyingine ya chakula na dawa.

Uganda nayo ina Sheria ya Afya ya Umma tangu 1935, wakati wa Waingereza. Kwa hiyo sheria haikukosekana. Lakini Januari 2018 habari zilienea Kampala kwamba kuna wauza nyama wanaopaka fomalini ili nyama isioze na nzi wasiikaribie. KCCA na polisi wakapita kwenye mabucha, wakakamata watu. Kwa muda nzi akawa ndiye mkaguzi: mama akifika buchani, kwanza anaangalia kama nzi wapo! Mwaka uliofuata, Julai 2019, televisheni ya NTV Kenya ilionyesha kwamba hata supamaketi za Nairobi, zenye friji na taa nzuri, zilikuwa zinauza nyama iliyotiwa sodiamu metabisalfaiti. Dawa hiyo inarudisha wekundu na kuficha harufu. Inaharibu vitamini B1, na mtu mwenye pumu inaweza kumbana kifua.

Basi nani anakula nyama hiyo? Hapa ndipo historia inatugusa sisi. Mkimbizi wa mjini kwa kawaida hapati mgao kama ndugu zetu wa Nakivale au Kyaka II. Anafua nguo za watu, anabeba mizigo, anatembeza vitenge, na pesa anaishika jioni. Kwa hiyo nyama anainunua jioni, ikiwa imening'inia juani tangu asubuhi, na bei imeshuka kidogo. Mwenye friji ananunua asubuhi. Saa ya kulipwa ndiyo inaamua unakula nyama gani.

Katika kikundi chetu cha vijana tuliongea sana juu ya hili, tukaanza jambo dogo. Nyumba tano zinachanga pesa usiku, mmoja anaenda buchani asubuhi mapema, nyama inagawanywa na kuchemshwa siku hiyo hiyo. Tunanunua kwa mtu mmoja tunayemjua, na tunamuomba atuonyeshe mhuri wa mkaguzi. Nyama iliyo nyekundu kupita kiasi wakati wa jioni tunaiacha. Nzi hatumtegemei, maana bucha safi yenye wavu pia haina nzi.

Soseji za dukani ni habari nyingine. Humo dawa inaruhusiwa kwa kipimo, na sheria inataka iandikwe. Soma pakiti: E250 ni nitraiti ya sodiamu, E223 ni ile metabisalfaiti. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa kansa la WHO lilisema kula gramu 50 za nyama iliyosindikwa kila siku kunaongeza hatari ya kansa ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Na tusidanganyane, nyama yetu ya chumvi na moshi imo kwenye hesabu hiyo. Tuile kidogo, siku moja moja. Siku zingine maharage yapo.

Kwa ndugu zetu wa mashirika nina ombi. Mafunzo ya lishe yanatuambia tuweke nyama kwenye friji. Friji iko wapi? Wenye kulipa vibarua kwenye miradi yenu, jaribuni kuwalipa asubuhi, hata mara moja kwa wiki. Wiley alihitaji miaka na sheria mbili. Sisi kwa kuanzia tunahitaji pesa ya nyama ifike kabla jua halijawaka.