Ebola: namna virusi inavyotumia vyombo vya mwili wa mutu

Kuanzia tarehe 1 Agosti 2018 hadi 25 Juni 2020, Ebola ilihesabu wagonjwa 3,470 mashariki mwa Kongo, zaidi katika Kivu ya Kaskazini na Ituri. Kati yao 2,287 walikufa. Ugonjwa huu unaanza sawa malaria: homa, kichwa kuuma, mwili kuregea. Ndiyo maana wengi wanaanzia kwenyi farmasi ya karibu, wanakunywa antibiotiki, wanangoja. Dawa ile haiwezi kuua Ebola. Ili kuelewa sababu, inafaa kuangalia kwanza virusi yenyewe inaishi namna gani.

Kadudu kasiko na mashini

Mwili wa mutu umejengwa kwa vyumba vidogo sana vinavyoitwa seli. Ndani ya kila seli kuna proteini za kila aina. Zingine zinabeba mafuta, zingine zinakata taka, zingine zinatengeneza proteini mpya. Bakteria nayo ni seli, hata kama ni ndogo: ina ukuta wake na mashini zake. Antibiotiki inashambulia ule ukuta ao zile mashini, na bakteria inakufa.

Virusi haina ukuta wa namna ile, haina mashini ya kutengeneza proteini. Inafanana na mutu anayeingia kwenyi atelie ya mushonaji mikono mitupu, bila uzi, bila kitambaa, akiwa na karatasi ya modeli tu. Akifika ndani, mashini za mwenye atelie zinaanza kushona modeli yake, na kazi ya nyumba inasimama. Karatasi ya Ebola ni fupi sana: ina jeni 7 tu, wakati mwili wa mutu una jeni karibu 20,000. Yote inayokosa, inaikamata kwa mwenyeji.

Mulango unaofunguliwa kutoka ndani

Ebola ina umbo la uzi. Juu yake kuna vijiti vya proteini vilivyofunikwa na sukari. Ikigusa seli, seli yenyewe inaimeza ndani ya kifuko, ikiizania ni kipande cha seli iliyokufa ambacho kinafaa kusafishwa. Ndani ya kifuko kile kuna proteini za kukata taka. Zinakata sehemu ya juu ya vijiti vya virusi. Lakini pahali pa kuiharibu, zinaisaidia: sehemu iliyofichwa inatokea, na hiyo ndiyo ufunguo.

Ufunguo unatafuta kufuli moja tu, proteini inayoitwa NPC1. Kazi yake ya kila siku ni kutoa kolesteroli, ni kusema mafuta, ndani ya kile kifuko. Mwaka wa 2011, vikundi viwili vya watafiti vilionyesha kwamba bila NPC1 Ebola haiwezi kutoka ndani ya kifuko. Walichukua seli za watu waliozaliwa na ugonjwa wa Niemann-Pick, ambao NPC1 yao haifanyi kazi, na virusi ilishindwa kuzishika.

Mutu anaweza kuuliza: basi juu ya nini wasiondoe ile NPC1? Watu wanaoikosa wanateseka sana. Mafuta yanajaa ndani ya seli, ini na ubongo vinaharibika. Shida ya kutafuta dawa za virusi iko pale: chombo ambacho virusi inatumia ni chombo ambacho mwili unahitaji ili kuishi.

Kisha kuingia, virusi inanakili karatasi yake mara nyingi, na mashini za seli zinatengeneza proteini zake. Hata kutoka inaomba musaada: proteini zake zinaita proteini za seli zinazokata ngozi nyembamba ya seli, na kila virusi mpya inatoka imevaa kipande cha ile ngozi. Ngozi hiyo ni ya mafuta. Ndiyo maana maji na sabuni vinaiharibu, na kunawa mikono kuna nguvu ya kweli.

Kuziba mulango mbele ya wakati

Kwa kuwa hawawezi kuvunja kufuli, watafiti waliamua kufunika ufunguo. Dawa inayoitwa Ebanga ilitoka katika damu ya mutu mumoja aliyepona Ebola wakati wa mulipuko wa Kikwit mwaka wa 1995. Mwili wake ulikuwa umetengeneza kinga inayokaa juu ya kijiti cha virusi, pahali pale pale panapopaswa kugusa NPC1. Dawa ya pili, Inmazeb, inaunganisha kinga tatu za namna ile.

Zote mbili zilipimwa hapa, katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina, kuanzia Novemba 2018, chini ya uongozi wa Profesa Jean-Jacques Muyembe. Katika wagonjwa waliofika virusi ikiwa bado kidogo katika damu, karibu 10 kwa 100 tu walikufa. Katika wale waliofika damu imejaa virusi, walikufa zaidi ya 60 kwa 100, hata kama walipewa dawa ile ile. Tofauti ile inaeleweka kwa yale yaliyoelezwa hapa juu. Kinga inakamata virusi ikiwa inje ya seli. Haiwezi kurudisha seli zilizokwisha kukamatwa. Na kila siku moja ya kukawia nyumbani ilizidisha hatari ya kifo.

Chanjo ya Ervebo, ambayo watu zaidi ya 300,000 walichomwa wakati wa mulipuko ule, inafuata njia hiyo hiyo: inaonyesha mwili kile kijiti cha Ebola, bila Ebola yenyewe, ili mwili ukitambue siku virusi ya kweli itakapofika. Lakini chanjo hii na dawa zile mbili ziko kwa Ebola ya aina ya Zaire. Kuna aina zingine, sawa ile ya Bundibugyo iliyotokea Isiro mwaka wa 2012. Kwa hiyo waganga wanapima kwanza damu kujua ni aina gani.

Kwa familia yenye mugonjwa wa homa wakati kuna mulipuko, jambo linabaki moja: mugonjwa asikae nyumbani akihesabu vidonge vya farmasi, na asiguswe bila kujikinga. Apelekwe kituo cha afya siku ya kwanza, wakati virusi nyingi ziko bado inje ya mulango.