Kinywaji cha Nguvu na Zulia Jekundu: Historia ya Uchovu Uliofichwa

Katika Kiswahili cha leo, vinywaji vyenye kafeini nyingi vinavyouzwa katika makopo membamba huitwa vinywaji vya kuongeza nguvu, na watu mashuhuri wanaovitangaza huitwa nyota. Majina hayo mawili yamepokelewa bila mjadala. Hata hivyo, historia ya vinywaji hivyo, pamoja na historia ya zulia jekundu linalokanyagwa na nyota hao, inaonyesha kwamba kila jina limebeba dai la muuzaji. Makala haya yanakusudia kulichunguza dai hilo tangu chanzo chake.

Vinywaji hivyo havikuzaliwa miongoni mwa watu wa fahari. Mwaka 1962 kampuni ya dawa ya Taisho, nchini Japani, ilianza kuuza Lipovitan D, dawa ya maji yenye taurini, katika chupa ndogo ya mililita 100. Katika miaka ya 1970, huko Thailand, Chaleo Yoovidhya, mtoto wa familia maskini aliyekuja kumiliki kampuni ya dawa, alitengeneza kinywaji cha namna hiyo na kukiita Krating Daeng, yaani ng'ombe-mwitu mwekundu. Wanywaji wake wakuu walikuwa madereva wa malori na vibarua, watu ambao kazi yao iliwalazimu kukesha. Hawakutafuta sifa, bali walitaka kufika asubuhi bila kusinzia.

Mabadiliko yaliletwa na Dietrich Mateschitz, raia wa Austria aliyekuwa mkuu wa mauzo katika kampuni ya dawa za meno. Akiwa safarini Thailand, aliona kwamba kinywaji hicho kilimwondolea uchovu wa ndege. Mwaka 1984 yeye na Chaleo walianzisha kampuni ya Red Bull, kila mmoja akitoa dola 500,000. Tarehe 1 Aprili 1987 kinywaji kilianza kuuzwa Austria, kikiwa kimetiwa gesi na kuwekwa katika kopo la mililita 250. Bei yake ilipangwa kwa makusudi kuwa juu kuliko ya soda za kawaida, na wateja waliolengwa hawakuwa tena vibarua, bali wanafunzi, wanamichezo na wacheza dansi wa usiku. Kampuni ikaenda mbali zaidi: badala ya kulipia matangazo tu, ikaanza kutengeneza matukio yenyewe. Tarehe 14 Oktoba 2012 Felix Baumgartner aliruka kutoka kimo cha karibu mita 39,000 juu ya New Mexico, akiwa amevaa nembo ya kampuni hiyo, na mamilioni ya watu wakamtazama.

Zulia nalo lina safari yake. Katika tamthilia ya Agamemnon ya Aeschylus, iliyochezwa Ugiriki mwaka 458 kabla ya Kristo, mfalme arudiye vitani anatandikiwa vitambaa vyekundu na mkewe. Anasita kuvikanyaga, kwa kuwa heshima hiyo ni ya miungu. Mwishowe anavikanyaga, anaingia ndani na kuuawa. Karne nyingi baadaye heshima hiyo iliweza kununuliwa kwa nauli: tangu mwaka 1902 abiria wa treni ya kifahari kati ya New York na Chicago walitandikiwa zulia jekundu. Mwaka 1922 zulia hilo lilionekana Hollywood, filamu ya Robin Hood ilipozinduliwa, na mwaka 1961 likaingia katika sherehe za tuzo za Oscar. Tangu kamera za televisheni zilipoanza kuonyesha nyota wakiwasili, njia ya heshima imegeuka kuwa duka la mavazi, vito na nembo.

Hivyo kopo na zulia vilikuwa vikielekea mahali pamoja, yaani kwenye biashara ya sura ya mtu. Mwaka 2007 Coca-Cola ilinunua kampuni ya Glacéau kwa dola bilioni 4.1, mwanamuziki 50 Cent, aliyekuwa na hisa humo, alipata faida kubwa. Tangu hapo ilidhihirika kwamba nyota aweza kuwa mwenye mali badala ya kuwa mtangazaji tu. Logan Paul na KSI, waliopata umaarufu kwa video za intaneti, walifuata njia hiyo, na mwaka 2023 wakatoa Prime Energy: kopo la mililita 355 lenye miligramu 200 za kafeini. Kopo la Red Bull la mililita 250 lina miligramu 80.

Hapa ndipo jina linapohitaji kuhojiwa. Sukari iliyomo, kama ipo, hutoa nishati kama ile ya soda yoyote. Kinachovitofautisha vinywaji hivi na soda ni kafeini, nayo haiongezi nguvu. Huzuia ubongo usipokee ishara za adenosini, kemikali inayoleta usingizi. Uchovu unabaki pale pale, ila hausikiki. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilieleza mwaka 2015 kwamba mtu mzima mwenye afya asizidishe miligramu 400 za kafeini kwa siku. Lithuania ilikataza kuwauzia watoto vinywaji hivi mwaka 2014, na Poland ikafanya hivyo mwaka 2024.

Neno nyota limepatwa na jambo kama hilo. Katika Kiswahili cha zamani nyota ya mtu ilikuwa bahati aliyozaliwa nayo. Siku hizi yaweza kutengenezwa na kuuzwa. Kijana anayenunua kopo hudhani anashiriki fahari ya zulia, kumbe amepewa dawa ileile ya dereva wa lori, kwa bei kubwa zaidi. Watunga istilahi hawawezi kuzuia biashara hiyo, lakini si lazima waifanyie kazi. Jina kama kinywaji cha kafeini halina mvuto, ila linamweleza mnunuzi kilichomo ndani ya kopo.