Steringi ni Nani? Historia ya Kupendekeza Filamu

Kupendekeza filamu ni kazi ya zamani sawa na biashara ya kuionyesha, na tangu mwanzo mpendekezaji mkuu amekuwa mtu mwenye mali ya kuuza. Mwaka 1921 lilijengwa jumba la sinema la Royal huko Vuga, Zanzibar, mali ya mfanyabiashara Hassanali Adamji Jariwalla, kwa mchoro wa J. H. Sinclair, ofisa wa Kiingereza ambaye majengo yake bado yanaonekana mjini humo. Mwenye jumba la namna hiyo alikuwa na mamia ya viti vya kujaza kila jioni, na picha aliyoikodi haikukaa kwake muda mrefu. Rili za filamu zilizowekwa kwenye makopo ya bati zilifika, zikaonyeshwa siku chache, kisha zikasafirishwa kwenda mji mwingine. Mtazamaji hakuwa na nafasi ya kungoja na kupima. Aliyechelewa kuambiwa aliikosa picha, na huenda asingeiona tena maishani.

Kwa hiyo maneno yalitangulia picha. Palikuwa na mabango ya rangi mbele ya jumba na matangazo magazetini, lakini kilichojaza viti hasa ni masimulizi ya walioingia siku ya kwanza. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye sinema vyote viwili vilitembezwa, na ilibaki kazi ya watu kuvitenganisha barazani. Picha za Kihindi zilipotawala pwani baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kazi hiyo ilipata uzito zaidi. Watazamaji wengi wa Unguja, Mombasa na Dar es Salaam hawakujua Kihindi, lakini *Awara* ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, na *Mother India* ya mwaka 1957 zilijulikana hata kwa watu ambao hawakuwahi kununua tiketi. Aliyeona alihadithia: nani mwana wa nani, nani alidhulumiwa, wimbo ulikuja wapi na machozi yaliwatoka wapi. Katika miji kadhaa ya pwani yalikuwapo pia maonyesho ya wanawake peke yao, na hukumu iliyotoka humo ilirudi majumbani ikiwa imekamilika, bila kupitia kwa mwanamume yeyote.

Kutokana na mazungumzo hayo lilikua neno ambalo Kiswahili cha mitaani kimelitunza hadi leo: steringi. Limetokana na maandishi ya Kiingereza yanayotangulia majina ya waigizaji, lakini maana yake ni shujaa, yule ambaye hadithi inamfuata. Swali la kwanza kuhusu picha yoyote halikuwa jina lake wala aliyeitengeneza, bali steringi ni nani. Jibu la neno moja lilitosha kufanya uamuzi. Kusema Dharmendra au Bruce Lee kulimweleza msikilizaji aina ya hadithi, kiasi cha ngumi, kama kutakuwa na nyimbo, na kama mwisho utaridhisha. Kanuni ilijulikana hata kwa watoto: steringi hafi. Picha ambayo steringi wake alikufa ilihesabiwa na wengi kuwa udanganyifu, na aliyeipendekeza alilaumiwa.

Majumba yaliongezeka. Dar es Salaam ilikuwa na Avalon, Empire, Empress, Odeon na mengine, na mwaka 1966 ukafunguliwa uwanja wa Drive-In, ambapo watu walitazama wakiwa ndani ya magari au wameketi nje yake. Kisha hali ikabadilika. Tanzania Film Company, shirika la umma lililoundwa mwaka 1968, lilikuja kushika uagizaji na usambazaji wa filamu. Fedha za kigeni zilipoadimika, picha mpya zikapungua na majumba yakaanza kuchakaa. Televisheni haikuziba pengo hilo kwa haraka. Zanzibar ilikuwa na kituo cha televisheni ya rangi tangu miaka ya mwanzo ya 1970, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994. Kilichoingia katikati ni mkanda wa video.

Pamoja na mkanda alikuja mpendekezaji wa aina mpya: mwenye maktaba ya video. Neno maktaba lilitumika bila kejeli, kwani mikanda ilipangwa rafuni, ikaazimwa kwa malipo na ikarudishwa kwa tarehe. Lakini mtunza maktaba huyu alitenda zaidi ya kutunza. Aliwajua wateja wake mmoja mmoja. Alijua nyumba ipi ina watoto, nani hapendi picha za kutisha, nani ameshazimaliza za Amitabh Bachchan na sasa anahitaji kuonyeshwa njia nyingine. Mkanda mpya ukiwa umeazimwa, alikuwa na sababu nzuri ya kuisifia picha ya zamani iliyokuwa imelala rafuni. Sifa zake hazikuwa bure, lakini hazikuwa uongo mtupu pia, maana mteja angerudi kesho akiwa na mkanda mkononi na maoni mdomoni.

Wasio na deki nyumbani walikwenda kwenye vibanda vya video, ambavyo Tanzania viliitwa vibanda umiza. Jina linajieleza: benchi za mbao, joto, na kichwa cha aliyekaa mbele. Nje ya kibanda uliwekwa ubao ulioandikwa kwa chaki majina ya picha na saa zake, mara nyingi kwa tahajia ya kusikia tu. Ndani ya vibanda hivyo ndimo ilimostawi sanaa ambayo haijapewa heshima yake katika historia ya filamu, nayo ni ya watu wanaotafsiri na kusimulia picha kwa sauti zao.

Uganda inawaita VJ, na VJ Jingo ni mmoja wa wanaojulikana sana, akisimulia kwa Kiganda. Dar es Salaam ilikuwa na Lufufu, ambaye sauti yake ilisambaa kutoka kibandani hadi kwenye mikanda iliyouzwa nchi nzima. Kenya ina DJ Afro, ambaye sauti yake hutambulika kabla picha haijatulia kwenye skrini. Hawa hawakutafsiri neno kwa neno. Mfyatuaji risasi wa Hong Kong au mwanajeshi wa Marekani alipewa jina la utani la mtaani, njama ikafafanuliwa kabla haijafunuka, na pale hadithi ilipozorota msimulizi aliichangamsha kwa maneno yake. Kwa sababu hiyo mapendekezo yalihama kutoka nje ya picha na kuingia ndani yake. Msimulizi alikuwa akimshika mtazamaji mkono dakika kwa dakika, akimwambia jambo zuri liko mbele, asiondoke. Baada ya muda swali lenyewe lilibadilika: badala ya kuuliza steringi ni nani, mteja aliuliza nani ametafsiri. Picha hafifu yenye msimulizi mzuri ilishinda picha nzuri isiyo na msimulizi, jambo ambalo wahakiki wa filamu waliosoma hawakulitegemea.

Diski zilipochukua nafasi ya mikanda, ushauri uligeuka kuwa kitu cha kushikika. Zilienea DVD za magendo zilizobeba filamu kumi, ishirini au zaidi, zikiwa zimekusanywa kwa steringi mmoja au kwa aina moja: zote za Jet Li, zote za Van Damme, zote za vita. Aliyezipanga, popote alipokuwa, alifuata hesabu ileile ambayo kompyuta zingekuja kusifiwa kwayo, kwamba aliyependa hii atapenda na ile. Baadaye wakaja vijana wa kuchoma sidii, kisha wa kujaza flashi, waliomsikiliza mteja, wakamwekea tamthilia ya mfululizo, ambayo mitaani huitwa siizoni, na wakampa vipande vya kwanza vya nyingine ili arudi. Ulikuwa wizi wa kazi za watu, na wasanii wa Afrika Mashariki waliumizwa nao kama wale wa nje. Hata hivyo, kama huduma ya ushauri, ulikuwa wa hali ya juu.

Huko Marekani tatizo la rafu lilipata dawa nyingine. Reed Hastings na Marc Randolph walianzisha Netflix mwaka 1997 huko California, na mwezi Aprili 1998 wakafungua tovuti ya kukodisha DVD kwa posta. Walikumbana na shida ambayo kila mwenye maktaba ya video aliijua: kila mtu alitaka filamu mpya, nakala zilikuwa chache, na maelfu ya filamu za zamani yalikaa ghalani bila kuombwa. Mwaka 2000 kampuni ilizindua Cinematch, mfumo uliowaomba wateja wazipe filamu nyota kuanzia moja hadi tano, kisha ukatafuta watu wenye ladha zinazofanana na kumpa kila mmoja alichokipenda mwenzake. Hesabu yake ilihusu ladha, lakini shabaha yake ilikuwa ghala. Filamu ya zamani iliyopendekezwa vizuri iliondoa foleni kwenye filamu mpya.

Tarehe 2 Oktoba 2006 Netflix ilitangaza zawadi ya dola milioni 1 kwa yeyote atakayeboresha makadirio ya Cinematch kwa asilimia 10. Ilitoa data ya alama zaidi ya milioni 100, zilizotolewa na wateja 480,189 kwa filamu 17,770. Vikundi vya watafiti kutoka nchi nyingi vilihangaika kwa karibu miaka mitatu. Filamu moja ndogo ya vichekesho, *Napoleon Dynamite* ya mwaka 2004, iliwatoa jasho kwa sababu watu waliipenda kabisa au kuichukia kabisa, na ladha zao nyingine hazikusaidia kutabiri ni upande upi. Mwaka 2009 zawadi ilikwenda kwa kikundi kilichojiita BellKor's Pragmatic Chaos. Kikundi kingine kilikuwa kimefikia kiwango hichohicho, lakini kiliwasilisha kazi yake dakika 20 baadaye.

Kilichofuata hakikuwa cha kishujaa. Mfumo ulioshinda haukutumiwa wote, kwa kuwa gharama ya kuuunganisha na mitambo ilizidi faida yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin walionyesha kwamba data iliyoondolewa majina ingeweza kulinganishwa na maoni ya wazi ya mtandaoni, na baadhi ya wateja wakatambulika. Shindano la pili likafutwa mwaka 2010 kufuatia kesi. Na biashara yenyewe ilikuwa imeshahama. Tangu mwaka 2007 Netflix ilikuwa ikitiririsha filamu kwa intaneti, ambako hakuna nakala inayokwisha na ambako kampuni haihitaji tena kumwuliza mtu anapenda nini. Inaona yenyewe anachokitazama, anapoachia na anaporudia.

Hapo ndipo ulipofichuka ukweli kuhusu filamu za makala. Kwenye nyota, watu waliziheshimu sana makala za historia, siasa na mazingira, wakazipa tano. Vichekesho vyepesi walivipa tatu. Jioni, wakiwa wamechoka, walitazama vichekesho. Nyota zilipima jinsi mtu anavyotaka kuonekana, na kitufe cha kuchezesha kikapima alivyo. Mwaka 2017 Netflix iliziondoa nyota na kuweka dole gumba, juu au chini. Wahandisi wake walikuwa wameshaandika, mwaka 2015, kwamba takriban asilimia 80 ya saa zinazotazamwa zinatokana na mapendekezo ya mfumo, na kwamba mtu asipopata cha kutazama ndani ya sekunde 60 hadi 90 hupoteza hamu. Muda huo ni mfupi kuliko salamu za mwenye maktaba ya video.

Makala nazo zilipewa nafasi, ila kwa masharti ya kibiashara. Mfano ulio karibu na wasemaji wa Kiswahili ni *Virunga*, filamu ya Orlando von Einsiedel kuhusu walinzi wa hifadhi ya taifa mashariki mwa Kongo, ambamo Kiswahili kinasikika pamoja na Kifaransa na Kiingereza. Netflix iliitoa Novemba 2014, na ikateuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Wakati huo huduma hiyo haikuwapo Kongo wala Kenya wala Tanzania. Watu wa Goma, ambao maisha yao ndiyo yaliyokuwa kwenye filamu, hawakuwa miongoni mwa waliopendekezewa.

Mlango ulifunguliwa Januari 2016, Netflix ilipoingia kwa siku moja katika nchi 130 zaidi, zikiwemo za Afrika Mashariki. Showmax ya Afrika Kusini, iliyoanza mwaka 2015, iliingia Kenya mwaka uleule wa 2016. Gharama ya intaneti na njia za kulipa ziliwaacha wengi nje, na vijana wa flashi waliendelea na kazi, safari hii wakiuza siizoni zilezile zilizotoka kwenye huduma hizo. Mwaka 2021 Netflix ilianza kutoa nchini Kenya kifurushi cha bure kwa simu za Android, chenye sehemu tu ya filamu zake. Kiliondolewa mwaka 2023. Mwaka huohuo, tarehe 29 Septemba, kampuni ilituma kwa posta DVD zake za mwisho na kuifunga huduma ambayo kwa ajili yake Cinematch ilibuniwa.