Kamera ya Mkononi na Mkono Ulioishika



Kila tukutanapo hapa Gulwe, wanafunzi huinua simu zao na kutupiga filamu. Ni vema vijana wakajua kwamba kamera ya sinema haikuanza kushikwa kwa urahisi huo.

Kamera za kwanza zilisimamishwa juu ya miguu mitatu, na mpiga picha alizungusha mpini kwa mkono, picha kama 16 kila sekunde. Mwaka 1910, huko Uingereza, Mpolandi Kazimierz Prószyński alipata hataza ya kamera iitwayo Aeroscope. Hiyo iliendeshwa kwa hewa iliyojazwa kwa pampu kama ya baiskeli. Sasa mpiga picha aliweza kuishika kwa mikono miwili na kulifuata jambo linakokwenda. Cherry Kearton, aliyepiga filamu ya safari ya Roosevelt katika Afrika Mashariki mwaka 1909, alikuwa miongoni mwa walioipenda.

Mwaka 1923 ikaja filamu nyembamba ya milimita 16, isiyoshika moto upesi kama ile ya zamani. Baadhi ya kamera zake zilitiwa ufunguo kama saa. Ufunguo mmoja ulitosha karibu nusu dakika, na mita 30 za filamu zilikwisha kwa dakika 4 hivi. Hapana budi mpiga picha achague: hiki nakichukua, kile nakiacha.

Filamu hiyo ndiyo iliyotumika Vugiri, Usambara, mwaka 1935 hadi 1937, katika majaribio ya sinema za elimu yaliyoongozwa na L. A. Notcutt na G. C. Latham. Zilitengenezwa filamu 35, zikiwamo za safura, kodi na akiba ya posta, zikatembezwa kwa lori. Waafrika waliigiza, na wengine wakafundishwa kusafisha filamu. Lakini waliochagua ni wengine. Hivyo maisha ya wazee wetu yalionyeshwa jinsi wengine walivyotaka yaonekane.

Leo mzee aliyeona mafuriko yakibomoa reli kati ya Kilosa na Gulwe aweza kusimulia dakika 40 bila kukatizwa na ufunguo. Lakini wazee hao wanapungua kila mwaka. Vijana, mkishamaliza kutupiga sisi wenye suti, nendeni mkawapige wao. Andikeni jina, mahali na tarehe. Safari hii mkono ulioshika kamera ni wenu.