Formoli, dawa na mumiani

Hapa Bunia, mwili ukikaa morgi ukisubiri ndugu wa mbali, watu huuliza kama umetiwa formoli. Neno limetoka kwa Kifaransa. Kitu chenyewe ni maji ya fomaldehaidi yanayoingizwa kwa mshipa mkubwa wa shingo au wa paja huku damu ikitolewa, ili nyama ikaze na isioze haraka.

Biblia ya Kiswahili, katika Mwanzo 50, inasimulia jinsi Yakobo alivyopakwa dawa kwa siku 40. Lakini formoli haipakwi juu ya ngozi, huingia ndani. Kwa hiyo “kutia maiti dawa” ndiko kusema sawasawa.

Pwani kuna neno jingine, “mumiani”, lenye asili moja na “mumia”, yaani maiti zilizohifadhiwa za Misri. Kamusi ya Krapf ya 1882 inalieleza kuwa dawa ambayo watu waliamini Wazungu huitengeneza kwa damu ya binadamu. Hofu ya namna hiyo ingali hai. Huku kwetu, wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, uvumi ulizuka kwamba timu za mazishi zinaiba viungo vya maiti. Kumbe maiti ya Ebola haifai kutiwa formoli hata kidogo, kwani damu yake ina virusi. Hunyunyiziwa dawa ya klorini, hufungwa ndani ya mfuko maalumu na kuzikwa upesi.

Wauguzi wetu, kitajeni kila kitendo kwa jina lake mbele ya familia. Wafiwa wana haki ya kuelewa mtu wao anafanyiwa nini.